Sekunde Tisini

Kamera hii haina kioo wala uzito,
haina mkono wa kuishika ukatetemeka.
Ni nukta tu, na upande inaoutazama.
Naiweka hapa, mbele ya kimeng'enya changu,
naandika: sekunde ya sifuri.
Naiweka kule nyuma, penye mfuko mdogo
ambamo dawa hujibanza kama mtoto chini ya meza,
naandika: sekunde ya tisini.
Katikati sijaandika kitu.
Katikati ni kazi ya kompyuta.

Na kompyuta, isiyojua adabu ya kuzunguka,
ikakata njia moja kwa moja.
Ikapita tumboni mwa protini:
tepe zikanijia usoni, hesi zikafunguka kama koo,
atomu ya salfa, ya njano, kubwa kuliko mwezi,
ikaziba skrini yote, kisha ikapasuka
ikawa tupu, maana ndani ya rangi
hatukuwahi kuweka chochote.

Ni Tartu, mwezi wa tatu, saa nne usiku.
Barafu ya mto Emajõgi imeanza kulia.
Baba amekuja kwa basi la jioni kutoka Tallinn
na mkate mweusi, na samaki wa moshi
waliofungwa uzi ndani ya gazeti.
Miaka thelathini na mmoja ameendesha winchi bandarini Muuga.
Molekuli hazijui. Anajua kontena.
Nikamwonyesha. Akashika ukingo wa meza.

"Nani anaendesha?"
Nikasema: mimi na mashine.
"Mmoja wenu amelewa."

Akaufungua ule uzi, akaufunga kwenye mkono wa kikombe,
akasimama katikati ya maabara na viatu vyake vya theluji,
kikombe kikining'inia, kimejaa chai hadi mdomoni.
"Tazama, Maarika. Ukianza kwa pupa, mzigo unabaki nyuma.
Ukisimama ghafla, mzigo unakwenda mbele.
Mtu aliye chini hauoni mkono wako.
Anauona mzigo unavyopunga, na anakimbia."
Kisha akausogeza: mwanzo kama hataki,
katikati bila kusita,
mwisho kama anayemlaza mtoto
aliyekwisha kulala.
Chai haikumwagika.

(Mara ya pili ilimwagika, juu ya kibodi ya Rasmus.
Hilo hatujamwambia mtu.)

Mwenda pole hajikwai, lakini sekunde ni tisini.
Usiku kucha nikapanda nukta njiani, moja, tatu, saba,
ili njia ijikunje nje ya protini,
ipite kama mgeni apitaye uani
bila kukanyaga nguo zilizoanikwa.
Na huu ndio uongo wangu, nauandika hapa
kwa sababu ukumbini sitausema:
kitu hiki hakikutulia hata siku moja.
Ndani ya maji yake kinatetemeka, kinapigwa vikumbo,
kinafumba na kufumbua kile kimfuko
mara nyingi kuliko nilivyowahi kupumua.
Mimi nimekigandisha
ili sisi ndio tutembee.

Alhamisi. Taa zikazimwa.
Kamera ikaondoka, hakuna aliyejua imeondoka.
Hesi ya kwanza ikapita kushoto, ikaacha nafasi,
na mfuko ukajitokeza
jinsi uchochoro unavyojitokeza ukishamaliza kona.
Hapo nikaisimamisha. Sekunde tatu.
Nilikuwa na sentensi ya kusema, nikaimeza.
Mtu akakohoa. Projekta ikanguruma.

Taa ziliporudi, profesa Hillar Kangro aliinua kalamu,
akauliza kwa nini salfa huwa ya njano.
Miaka minne ya kazi, na swali ni la rangi.
Nikajibu vizuri; sikumbuki nilijibu nini.

Nakumbuka safu ya nyuma, kiti cha mwisho,
baba na koti lake mapajani,
macho bado kwenye skrini iliyokwisha kuwa nyeupe,
na kidole gumba cha kulia
kikishusha kitu, taratibu,
hadi chini.